Haidrojeni ya kijani, mbolea na deni la Mombasa: uzi kwa wanaobishana

UZI. Ni mrefu, tafuta kahawa kwanza.

Wiki hii watu wamerushiana maneno sana kuhusu "haidrojeni ya kijani". Upande mmoja unasema ni teknolojia mpya kabisa, itatoa mbolea ya bei rahisi na kazi kwa vijana wa Pwani. Upande wa pili unasema ni ujanja wa wageni, watakausha maji yetu waende zao. Nyote mmekosea mahali fulani, na historia ya mji wetu inaonyesha mahali penyewe. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukitaka kujua fulani alimjibu nini fulani, akaunti za kazi hiyo zipo tele.

Mimi mwenyewe niliingia kwenye hii habari kwa aibu. Nilikuwa barazani Kibokoni baada ya magharibi, nikajitia kuwaelezea wazee hiyo haidrojeni, maneno makubwa makubwa ya darasani. Ami akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akauliza: "Haya, na hiyo gesi yenu itanipunguzia tokeni?" Nikababaika. Nikarudi nyumbani kusoma. Huu uzi ndio nilichopata.

Tuanze na chenyewe. Maji ni haidrojeni na oksijeni zilizoshikana. Ukipitisha stima ndani yake, zinaachana. Hiyo ndiyo elektrolisisi, na si kitu cha jana: Nicholson na Carlisle walifanya London mwaka 1800, kabla hata balbu haijazaliwa. Haidrojeni inayotoka, ukiichanganya na nitrojeni ya hewani kwa joto na shinikizo, unapata amonia. Kwenye amonia ndiko inakotoka mbolea ya nitrojeni, yaani urea, CAN na ndugu zao. Kwa hiyo mtu akisema "haidrojeni" kwenye siasa za Kenya, tafsiri kwa haraka: anazungumzia mbolea. Magari na ndege za haidrojeni ni za kwenye mabango.

Leo haidrojeni nyingi duniani inatolewa kwenye gesi asilia na makaa ya mawe. "Ya kijani" ni ile inayotolewa kwenye maji kwa stima ya maji, jua, upepo au jotoardhi. Hiyo tu.

Sasa dai la kwanza: "Hii ni teknolojia mpya Afrika." Hapana. Aswan, Misri, kiwanda cha KIMA kilianza kutengeneza mbolea mwaka 1960 kwa elektrolisisi, stima ikitoka bwawa la Mto Nile. Kwekwe, Zimbabwe (wakati huo bado Rhodesia), kampuni ya Sable Chemicals ilijenga mtambo kama huo miaka ya 70, wa karibu megawati 100, stima ikitoka gridi ya bwawa la Kariba. Wakulima wa mahindi kule walitumia haidrojeni ya kijani miaka arobaini bila mtu kuiita kijani!

Na yaliishaje? Kwekwe walizima mtambo wa elektrolisisi mwaka 2015. Stima ilikuwa haba nchini na bei yake haikubebeka, wakaona afadhali kununua amonia kutoka nje. KIMA nao wakahamia gesi asilia. Kumbuka hilo: mitambo ilifanya kazi. Iliyowashinda ni bei ya stima.

Ndiyo maana wahandisi wanahangaika na kitu kinaitwa elektrolisisi ya joto kali. Badala ya kupasua maji ya kawaida, unapasua mvuke uliopashwa mpaka nyuzi 700 hadi 850, ndani ya seli za kauri. Sehemu ya kazi inafanywa na joto, kwa hiyo stima inapungua. Ni kama kupika ugali: aliyeanza na maji yaliyochemka kwa jirani anatumia makaa machache kuliko aliyeanza na maji ya mferejini. Kwa mtambo wa kawaida, kilo moja ya haidrojeni inakula yuniti 50 na ushee (zile zile yuniti za tokeni yako). Mtambo wa joto kali, ukiletewa mvuke tayari, unashuka karibu na 40, na watengenezaji wengine wanadai chini ya hapo.

Hata hiyo si mpya sana. Ujerumani, kampuni ya Dornier ilifanyia utafiti mradi ulioitwa Hot Elly kuanzia miaka ya 70, wakati dunia inalia na bei ya mafuta. Mafuta yaliposhuka bei miaka ya 80, mradi ukawekwa kabatini. Umerudi sasa kwa majina mengine: Sunfire ya Dresden, Topsoe ya Denmark, Bloom Energy ya Marekani. Lakini angalia ukubwa. Mwaka 2023 Bloom waliwasha mtambo wa megawati 4 California, na ulitangazwa kuwa mkubwa kuliko yote ya aina hiyo. Megawati 4! Kwekwe ilikuwa 100 miaka ya 70. Shida kubwa ni zile kauri. Joto la namna ile linazichosha, na kila ukizima na kuwasha unaziumiza zaidi. Kwa hiyo mtu akisimama jukwaani akasema teknolojia "iko tayari", muulize iko tayari kwa ukubwa gani, na seli zitabadilishwa baada ya muda gani na kwa pesa ya nani.

Mvuke je, Kenya tunao? Tunao, tena mwingi, lakini uko Olkaria karibu na Naivasha. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa kule miaka ya 50, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawaka 1981, na leo jotoardhi inatoa karibu asilimia 40 ya stima ya nchi. Mvuke wa kisimani haufiki nyuzi 800, tusidanganyane. Lakini kazi kubwa ya mwanzo, ile ya kugeuza maji kuwa mvuke, ardhi imeshaifanya. Na usiku watu wakilala matumizi yanashuka, hadi mvuke mwingine unaachiliwa hewani bila kugeuzwa stima. Hoja ya Naivasha ni nzuri kabisa kisayansi. Lakini nayo ina kasoro: mtambo unaoishi kwa mvuke wa usiku tu utalala mchana, na zile kauri hazipendi kulala na kuamka.

(Kando kidogo. Neno letu "stima" zamani lilikuwa jina la meli ya mvuke. Mnaosema Kiswahili cha Mombasa hakina sayansi, jibu mnalo.)

Kisiwani hatuna mvuke wa ardhini. Tuna bandari, na tuna historia ndefu ya stima kuliko Nairobi inavyopenda kukubali. Kwa mujibu wa historia ya kampuni ya stima yenyewe, Seyyid Barghash wa Unguja alinunua jenereta mwaka 1875 kuangaza kasri lake na barabara za karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akauchukua mtambo huo, ikaundwa kampuni ya kuangaza kisiwa. Yaani stima yetu ya kwanza ilikuwa mtumba wa kasri! Mwaka 1922 kampuni ya Mombasa na ile ya Nairobi zikaunganishwa kuwa East African Power and Lighting, mama wa kampuni unayoilaumu leo taa zikizima. Miaka 14 tu tulikuwa na stima yetu wenyewe. Tangu hapo maamuzi ya nishati ya Mombasa yanafanywa kwa hesabu za nchi nzima. Sisemi ni vibaya, nasema ndivyo ilivyokuwa.

Kisha Changamwe. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi 1963, kikijulikana kama East African Oil Refineries, mwanzoni mali ya kampuni za nje. Serikali ilinunua nusu mwaka 1971. Watu hawajui kwamba pale pale Changamwe haidrojeni ilikuwepo kila siku: sehemu ya kuboresha petroli huitoa, kisha inatumika kuondoa salfa kwenye mafuta. Miongo mingi haidrojeni imetengenezwa ng'ambo tu ya Makupa, na hakuna aliyeipigia kampeni.

Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Mitambo ilikuwa imezeeka, mafuta yaliyosafishwa nje yalikuja kwa bei nzuri zaidi, na mwekezaji mwenye nusu ya pili aliona ukarabati wa zaidi ya dola bilioni moja haulipi. Tangu hapo ni matangi ya kuhifadhia. Kiwanda cha kimkakati, bandarini, chenye wafanyakazi wenye ujuzi, kimekufa kwa hesabu ya bei. Kama Kwekwe.

Sasa hadithi ninayotaka muishike, maana hii ndiyo inayokosekana kwenye mjadala wote.

Katikati ya miaka ya 70, baada ya bei ya mafuta kuruka 1973 na mbolea kuruka nayo, serikali iliingia ubia na kampuni ya kigeni iitwayo N-Ren ili kujenga kiwanda cha mbolea hapa hapa Mombasa. Ubia ukaitwa Ken-Ren Chemicals and Fertilizers. Mitambo ikaagizwa kwa makandarasi wawili, Coppée Lavalin ya Ubelgiji na Voest-Alpine ya Austria. Pesa ilikuwa ya mikopo ya kutoka kule kule kwenye mitambo, na serikali ya Kenya ikaweka dhamana. Dhamana maana yake: kampuni ikishindwa, mlipa kodi analipa.

Kampuni ikashindwa. Kabla ya ule muongo kwisha, Ken-Ren ilikuwa imefilisika. Hakuna gunia hata moja la mbolea lililotoka.

Lakini deni halikufilisika. Ken-Ren, ikigharamiwa na serikali, iliwapeleka makandarasi kwenye usuluhishi, na tawi moja la mgogoro lilifika hadi House of Lords, London. Mwaka 1994 majaji waliulizwa: kampuni iliyofilisika, inayoendesha madai kwa pesa ya serikali, je, iweke kwanza pesa za kulinda gharama za hao inaowadai? Wakasema iweke. Kesi hiyo inasomeshwa kwenye vitabu vya sheria ya usuluhishi mpaka leo. Nimeuliza wanafunzi wenzangu wa sheria, wanaijua kwa jina. Niliwauliza kiwanda kilipaswa kujengwa wapi, hakuna aliyejua.

Na miaka ya 2000 Kenya bado ilikuwa inalipa. Kiwanda kilichopangwa kabla wazazi wangu hawajaoana, mimi nimezaliwa deni lake likiwa hai. Lilikuwa likiibuka kwenye hesabu za serikali, wabunge wakapiga kelele siku mbili, likarudi kulala.

Mtu ataniambia, "Ile ilikuwa enzi nyingine, sasa tuna mkakati." Sawa. Mkakati upo, nimeusoma. Ulizinduliwa Septemba 2023 Nairobi kwenye mkutano wa tabianchi wa Afrika, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na Ujerumani. (Siku chache kabla ya mkutano huo nchi nzima ilikuwa imeingia gizani, uwanja wa ndege nao. Waandaaji walikuwa na bahati ya kalenda.) Lengo lake moja ni kwamba kufikia 2027 tuwe tunatengeneza wenyewe asilimia 20 ya mbolea ya nitrojeni tunayoagiza, na kufikia 2032 nusu yake. Sifa yake moja ni kwamba unaweka mbolea ya ndani mbele ya kuuza nje, tofauti na nchi zinazotaka kutengeneza gesi ya kupelekea viwanda vya Ulaya. Hapo naupa alama. Na kuna mtu ameshaanza kidogo: shamba la Morendat karibu na Naivasha, la Kenya Nut Company, lina mtambo wa kampuni ya Talus unaotumia jua, wa kiasi cha tani moja ya amonia kwa siku. Mdogo, lakini upo.

Basi tufanye hesabu, maana ami hakuuliza mkakati, aliuliza tokeni.

Gunia la urea la kilo 50 linahitaji kama kilo 5 za haidrojeni. Kwa mtambo wa kawaida hiyo ni yuniti 250 za stima. Tuseme mwekezaji anapewa stima kwa shilingi 10 kwa yuniti, bei ambayo mimi na wewe hatuijui hata ndotoni. Stima peke yake ni shilingi 2,500. Na gunia la mbolea ya ruzuku serikali imekuwa ikiliuza kwa bei gani? Shilingi 2,500. Bado hujanunua mtambo, hujalipa mfanyakazi, hujatafuta kaboni ya kutengenezea urea, hujaweka gunia kwenye lori. Ukileta mtambo wa joto kali wa yuniti 40, unafika 2,000. Umeokoa shilingi 500 kwa gunia. Si haba! Lakini haibadilishi picha. Inayobadilisha ni bei ya yuniti: ikishuka hadi shilingi 5, gunia la stima linakuwa 1,250 kwa mtambo wa kawaida na 1,000 kwa ule wa joto.

Kwa hiyo siasa yote ya haidrojeni ni siasa ya nani anauziwa stima rahisi. Mkataba ukimpa kiwanda yuniti kwa shilingi 5, gharama zilizobaki za gridi zitabebwa na mtu. Kama mkataba hausemi ni nani, basi ni wewe mwenye tokeni. Inaweza kuwa ni mvuke wa usiku ambao ungepotea bure, hapo hakuna anayeumia. Inaweza pia kuwa ni stima ya saa moja jioni, wakati gridi imebanwa, na Pwani mitambo ya dizeli ya Kipevu na Rabai huongezewa kazi. Mkataba ndio utasema ni ipi, na mikataba ya stima nchi hii tunaijua ilivyo rahisi kuiona.

Upande wa maji sasa, na hapa nitawaudhi wa upande wangu. Kisiwani tunaijua kiu. Maji yanatoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, na hayatoshi. Mji wa Kale watu bado wanasukumiwa mitungi kwa mkokoteni, na visima vingi vina chumvi. Kwa hiyo ukisema "watakunywa maji yetu" unapata makofi. Lakini pigeni hesabu: kilo moja ya haidrojeni inataka lita 9 za maji. Mtambo wa megawati 100 ukifanya kazi usiku na mchana unatoa kama tani 48 kwa siku, yaani lita 432,000 hivi. Ni mitungi 21,600 ya lita 20. Ongeza maji ya kupoza mitambo, itapita hapo. Ni mengi kwa mtaa, ni madogo kwa mji unaohitaji zaidi ya lita milioni mia moja kila siku. Tena kuyatoa chumvi maji ya bahari kunataka stima ndogo sana ukilinganisha na kuyapasua. Kwa hiyo ombeni sharti rahisi kwenye mkataba: mkijenga Dongo Kundu au popote Pwani, maji ni ya bahari, na mtambo wa kutoa chumvi uwe mkubwa kuliko mnavyohitaji, ziada ipelekwe mitaani. Hilo ni sharti la kupigania. Kelele za "wanatuibia maji" zitajibiwa na mhandisi mmoja mwenye kikokotoo na mjadala utakufa.

Cha kuogopa kuliko maji ni amonia yenyewe. Ni gesi ya sumu. Tangi lake ukiliweka karibu na nyumba kama zilivyobanana Changamwe na Miritini, lazima ujue upepo wa kusi unaelekea wapi. Hili sijaona likitajwa na upande wowote.

Na kazi? Mitambo hii ikishajengwa inaendeshwa na watu wachache wenye ujuzi mkubwa. Anayewaahidi maelfu ya ajira aseme kama ni za ujenzi, na zitadumu miezi mingapi. Kazi nyingi zaidi ziko kwenye mifuko, malori, usafirishaji na bandari, na hizo zinakuja mbolea ikiwa rahisi tu.

Wameuliza kwenye jumbe: "Basi wewe uko upande gani?" Niko upande wa kuanza na Naivasha, kwa ukubwa wa wastani, na mitambo ya kawaida kwanza. Ile ya joto kali tuipe chuo kikuu kimoja na kisima kimoja Olkaria, vijana wetu waijifunze wakati bado inakomaa, maana ikikomaa nchi yenye mvuke ndiyo itakayofaidi. Mombasa ijiandae kwa bandari na kwa sharti la maji. Na dhamana ya serikali kwa kampuni binafsi iwekwe mbele ya Bunge kabla ya kusainiwa, na kiasi chake kichapishwe. Ken-Ren ilikuwa na ardhi, ilikuwa na mitambo ya kuagizwa, ilikuwa na wataalamu. Kama umma ungejua ukubwa wa dhamana siku ile, angalau mtu angeuliza.

Jana nilirudi barazani na karatasi ya hesabu. Nikamwambia ami: hapana, tokeni yako haitapungua, na mkataba ukiandikwa vibaya inaweza kupanda. Akaichukua karatasi, akaisoma karibu na taa, akarudi juu kwenye Ken-Ren. Alikuwa kijana wakati ule, kumbe anakumbuka watu wakiambiana kuna kiwanda kinakuja, wengine wakaanza kuulizia kazi.

"Na tulilipa kiasi gani kwa jumla?" akaniuliza.

Hilo ndilo swali la uzi wangu ujao. Nimeanza kupitia ripoti za kamati ya hesabu za umma, mwaka baada ya mwaka. Mwenye nakala za zamani za miaka ya 80 na 90 anitumie.